Darasa likijibu "ndiyo mwalimu", lakini madaftari yakakataa

*Swali: "Ninafundisha Hesabu Gredi ya 8 katika shule ya umma hapa Eastlands, Nairobi. Darasani nina wanafunzi 68 na kipindi ni dakika 40. Kila nikiuliza 'mmeelewa?' wanajibu kwa sauti moja 'ndiyo mwalimu', lakini nikisahihisha madaftari napata ni wale wale saba au wanane waliopata. Wanaoinua mikono pia ni hao hao. Nimejaribu kuwapa washindi peremende na kalamu. Mwanzoni walichangamka, baada ya wiki mbili hakuna aliyejali. Ijumaa tunasoma alama mbele ya darasa kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho ili wale wa chini wajitume, lakini wao ndio wamezidi kuzembea. Wenzangu wananiambia watoto wa mjini bila kiboko hawasomi. Kuna pia mvulana mmoja aliyekuwa hodari Gredi ya 6, sasa analala darasani karibu kila siku. Nifanye nini ili watoto hawa wawe na moyo wa kusoma?"*

Mwalimu, ahsante kwa kueleza mambo kinagaubaga. Nikikusoma vizuri, unaona kwamba watoto hawa wamekosa moyo wa kusoma, na unatafuta kitu cha kuwatia moyo huo kwanza ili ndipo ufundishe. Mpangilio huo ndio ningependa tuugeuze. Kwa mtoto wa miaka 13 au 14, hasa katika Hesabu, hamu kwa kawaida huja nyuma ya kuelewa. Anapata kitu kidogo, anajua amekipata, anaona amekipata kwa kazi yake mwenyewe, ndipo anapotaka kingine. Ukiitafuta hamu kabla ya hapo utabaki kununua peremende. Kwa hiyo sehemu kubwa ya jibu langu inahusu jinsi ya kufundisha. Mvulana anayelala nitamtenga, kwa sababu sidhani tatizo lake ni la hamu.

Tuanze na "mmeelewa?". Swali hilo halipimi chochote. Kusema "hapana" mbele ya watoto 67 kuna gharama: kicheko, jicho la mwalimu, kuchelewesha wenzake. Kusema "ndiyo" hakuna gharama yoyote. Tena wengi hawadanganyi. Mtu akitazama hesabu ikifanywa vizuri ubaoni, kila hatua huonekana ya kawaida, naye anaamini ameelewa. Kufuata hatua za mwingine na kuzitoa mwenyewe kichwani ni kazi mbili tofauti, na ile ya pili hujaipima hadi wakati wa kusahihisha, wakati wamekwisha kwenda nyumbani.

Badala yake uliza swali ambalo jibu lake lenyewe linaonyesha nani ameelewa na nani hajaelewa, na kila mtoto ajibu kwa wakati mmoja na wenzake. Andika ubaoni: 1/2 + 1/3. Weka majibu manne: A ni 2/5, B ni 5/6, C ni 1/6, D ni 2/6. Wape nusu dakika ya kimya. Kisha kila mmoja aweke vidole kifuani: kimoja kwa A, viwili kwa B, vitatu kwa C, vinne kwa D. Kifuani, si juu, ili wa nyuma wasichungulie; na wote waonyeshe pamoja ukihesabu tatu, la sivyo utaona vidole vikibadilika kumfuata yule hodari wa dawati la mbele.

Angalia jinsi majibu yale yalivyochaguliwa. Anayeonyesha A amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Anayeonyesha C amezidisha. Anayeonyesha D ameipata 6 ya chini lakini akasahau kubadilisha nambari za juu. Kila kosa lina dawa yake, nawe umeyaona yote kwa sekunde kumi bila kugusa daftari. Majibu ya kubahatisha, kama 7/9, hayakusaidii hata mtoto akiyachagua, kwa sababu hayakuambii alichokuwa akifikiria. Maswali ya namna hii yanachukua muda kuyatunga, lakini yakishatungwa ni yako kwa miaka. Kila ukisahihisha, andika pembeni makosa yanayojirudia. Hayo ndiyo majibu yako ya A, C na D ya muhula ujao.

Baada ya vidole uamuzi ni wako, nami ningetumia kipimo rahisi. Wakipata wengi sana, tuseme wanane kati ya kila kumi, endelea, na wale waliobaki uwafuate wakati wa zoezi. Wakipata chini ya watatu kati ya kumi, rudia somo kwa njia nyingine, maana kurudia maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi hakujawahi kusaidia. Wakiwa katikati, usiseme jibu sahihi ni lipi. Waambie kila mmoja amshawishi jirani yake kwa dakika mbili, kisha waonyeshe vidole tena. Profesa Eric Mazur alianza kutumia njia hii kwa wanafunzi wake wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, miaka ya 1990, na imeenea kwa sababu hufanya kazi hata penye umati. Mtoto aliyeelewa jana anakumbuka bado alipokwama, kwa hiyo mara nyingi anamfafanulia mwenzake vizuri kuliko mtu mzima.

Katika dakika hizo mbili waache waongee Kiswahili, hata Sheng. Najua lugha ya kufundishia kuanzia Gredi ya 4 ni Kiingereza na mtihani utakuja kwa Kiingereza. Lakini mtoto anayebeba hesabu mpya na lugha ngumu kwa wakati mmoja atadondosha moja, na kwa kawaida atadondosha hesabu. Wafikirie kwa lugha wanayoimudu, kisha jozi itoe jibu kwa sentensi moja ya Kiingereza ambayo umewaandikia mwanzo wake ubaoni. Fundisha maneno ya Kiingereza ya mada hiyo waziwazi, manne au matano kwa wiki, kwa kuyaandika na kuyatumia. Usidhani watayaokota wenyewe.

Kuhusu mikono ya wale wanane: tatizo liko zaidi kwenye muda unaowapa wengine. Mtafiti Mary Budd Rowe alipima miaka ya 1970 muda ambao walimu hungoja baada ya kuuliza, akapata kwamba ni kama sekunde moja tu. Walipongoja sekunde tatu au zaidi majibu yalirefuka, waliojitolea kujibu wakaongezeka, na "sijui" zikapungua. Sekunde tatu mbele ya darasa ni ndefu sana, utatamani kuijaza. Hesabu kimoyomoyo. Na mpangilio uwe huu: uliza kwanza, ngoja, ndipo utaje jina. Ukitaja jina kwanza, watoto 67 wamepumzika. Majina yaandike kwenye vijiti vya aiskrimu au vikaratasi vya manila, uviweke mkebeni na kuvuta kimoja. Aliyejibu kijiti chake kirudishwe humo humo, la sivyo atajua zamu yake imekwisha. Anayeshindwa aruhusiwe kusema "bado nafikiria", umwendee mwingine, halafu umrudie kweli kabla ya mada kubadilika. Hapo ndipo walimu wengi huteleza: wanasahau kurudi, na "bado nafikiria" inageuka kuwa kichaka cha kujificha. Kosa jingine ni kumtaja mtoto kwa sababu anapiga kelele. Siku jina litakapotumika kama adhabu, mkebe umekufa.

Sasa tuje kwenye kiini. Mtoto, kama mtu mzima, hupima mambo mawili kabla ya kutia bidii: je, nikijaribu nitaweza, na je, kitu chenyewe kina maana kwangu? Moja likiwa sufuri, bidii ni sufuri hata lile la pili liwe kubwa namna gani. Wale wa chini katika darasa lako wamekwisha kulijibu la kwanza. Wamejaribu Gredi ya 5, ya 6, ya 7, na kila mara matokeo yakawa yale yale wakitia bidii au wasipotia. Kuacha kujaribu katika hali hiyo ni hesabu waliyoipiga sawasawa. Usiuite uvivu, maana ukiuita hivyo utautibu kwa maneno makali, na maneno hayo hayagusi hesabu yao.

Kinachoigusa ni kumpa kazi ambayo anaiweza kwa kunyoosha mkono kidogo tu, na hiyo inadai ujue alipo. Hapa Kenya tuna ushahidi mzuri kuhusu jambo hili. Watafiti Glewwe, Kremer na Moulin walifuatilia shule za magharibi mwa nchi zilizopewa vitabu vya kiada katika miaka ya 1990. Alama za wastani hazikupanda. Waliofaidi ni wale waliokuwa juu tayari, ambao ndio walioweza kusoma vitabu hivyo vya Kiingereza. Baadaye Duflo, Dupas na Kremer walifanya utafiti katika shule 121, pia magharibi mwa Kenya, ambako darasa la kwanza liligawanywa makundi mawili. Watoto walipogawanywa kulingana na walikofika, makundi yote mawili yalijifunza zaidi, la chini pia, kwa kuwa mwalimu aliweza kufundisha kwa kiwango cha walio mbele yake. Watoto wako ni wakubwa kuliko hao na huna mwalimu wa pili, lakini funzo linakuhusu: somo linalolenga wale wanane linawafikia wale wanane.

Kwa hiyo kabla ya mada ijayo, fanya kipimo kifupi kisicho na alama. Kwa mada ya sehemu (fractions) ningetumia maswali manane, dakika 20, yakianza chini kabisa: paka rangi 3/4 ya mstatili, ipi kubwa, 1/3 au 1/5, nusu ni ngapi juu ya 8, 2/7 + 3/7, 1/2 + 1/4, 1/2 + 1/3, 2/3 ya 24, na mwisho swali moja la maneno. Unaposahihisha usijumlishe alama. Tafuta swali la kwanza ambalo mtoto alikwama, panga karatasi katika mafungu matatu kwa kigezo hicho. Usishangae ukikuta fungu kubwa linaloamini kwamba 1/5 ni kubwa kuliko 1/3 kwa sababu 5 ni kubwa kuliko 3. Watoto hao umekuwa ukiwafundisha kutafuta nambari ya chini inayolingana, ilhali hawajui nambari ya chini inasema nini.

Hao wanahitaji kitu cha kushika. Kata vipande vya karatasi vya urefu wa sentimita 12 na upana wa sentimita 2. Karatasi moja ya A4 inatoa vipande 20, hivyo kwa jozi 34 karatasi mbili zinatosha na vipande sita vya akiba vinabaki. Kila jozi ipime nusu ya kipande: sentimita 6. Ipime theluthi: sentimita 4. Ukiziweka mwisho kwa mwisho unapata sentimita 10. Sasa waambie wapime 2/5 ya kipande kile kile, lile jibu ambalo wengi walilionyesha kwa kidole kimoja. Ni sentimita 4 na milimita 8. Kisha uliza: "Tumeanza na nusu, tukaongeza kitu, tukaishia na kidogo kuliko nusu. Inawezekana?" Halafu nyamaza. Usiwaokoe haraka. Mkanganyiko huo ndio unaoing'oa imani ya kujumlisha juu kwa juu, nao lazima uwe wao. Ukikimbilia kueleza watanukuu maelezo yako na imani yao itabaki palepale.

Wakishakubali kwamba haiwezekani, wagawanye kipande katika visanduku sita vya sentimita 2. Nusu ni visanduku vitatu, theluthi ni viwili, jumla vitano kati ya sita. Sasa ile 6 ya chini ina sababu: ni ukubwa wa kisanduku unaotosha kupima nusu na theluthi bila kubakiza. Kinachoharibu zoezi hili kwa kawaida ni vipande visivyolingana. Jozi ikichora nusu kwenye kipande cha sentimita 12 na theluthi kwenye cha sentimita 10, haitapata kitu. Kata vipande wewe mwenyewe siku iliyotangulia, au wape viranja wawili rula na mkasi.

Utauliza dakika 40 zitatosha vipi. Ningezigawa hivi. Tano za kwanza, maswali matatu wakiwa wamefunga madaftari: moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Kuvuta jambo kutoka kichwani huliimarisha kuliko kulisoma tena; Roediger na Karpicke walilionyesha hili waziwazi mwaka 2006. Dakika kumi zinazofuata, mfano mmoja uliofanywa kikamilifu ubaoni, wa pili ambao wewe unaanza na wao wanamaliza, wa tatu wakiwa peke yao. Mtoto akirushwa kutoka mfano mmoja hadi maswali kumi, akili yake inajaa kutafuta njia na hakuna nafasi inayobaki ya kujifunza. Dakika tano za vidole. Kumi na tano za zoezi, nawe ukizunguka, ukianzia kwa fungu la chini na si kwa wale wanaokuita. Tano za mwisho, swali moja kwenye kikaratasi unachokusanya mlangoni.

Siku mbili kati ya vipindi vyako vitano vya wiki, zile dakika kumi na tano zifanye ziwe za mafungu: kila fungu zoezi lake kutokana na kipimo. Yaite mafungu kwa majina ya kawaida, na uyapange upya kila wiki tatu. Nasisitiza hili. Fungu lisilobadilika linakuwa kabila, na mtoto wa fungu la chini anasoma jina la fungu lake kama hukumu.

Madaftari 68 yasikuue. Sahihisha 14 kwa siku na wiki itaisha umeyaona yote. Katika kila daftari chagua hesabu moja na uandike jambo moja la kurekebisha, kisha umpe mtoto dakika tatu za kulirekebisha kipindi kinachofuata. Alama ya vema kwenye kila jibu bila nafasi ya kurekebisha ni kazi nyingi ya wino mwekundu isiyomfunza mtu.

Tuje kwenye peremende. Hukukosea kujaribu, na si kweli kwamba zawadi ni sumu daima. Huko Busia, wasichana wa darasa la sita walioahidiwa ufadhili wa masomo wakifaulu walipandisha alama, hata wale waliokuwa na nafasi ndogo ya kuupata. Lakini ule ulikuwa karo na mahitaji ya shule kwa miaka miwili, kitu kikubwa kwa familia, na kila msichana alikuwa na mwaka mzima wa kukikimbilia. Peremende ya kila siku ni jambo jingine. Lepper, Greene na Nisbett walionyesha mwaka 1973 kwamba watoto wadogo waliokuwa wakipenda kuchora, walipoahidiwa cheti ili wachore, baadaye walichora kidogo kuliko awali walipoachwa huru. Waliopewa cheti bila kuahidiwa hawakupoteza hamu. Katika darasa lako kuna shida ya pili: washindi walijulikana kabla ya shindano. Watoto sitini walihitaji wiki mbili tu kuhakikisha kwamba peremende si zao.

Acha zawadi za washindi pole pole, na kile utakachobakiza kiwe cha ghafla na cha jambo mahususi. Zaidi ya hapo, tumia maneno, lakini yawe na habari ndani. "Hongera, wewe ni mwerevu" halimwambii mtoto afanye nini kesho, na siku akishindwa linamwambia kwamba werevu umeisha. "Uliona nambari za chini hazilingani, ukasimama, ukatafuta 6 kwanza" linamwambia kitu anachoweza kukirudia. Usisifu pia kazi rahisi sana. Watoto wa umri huu hujua mara moja, na huelewa kwamba hukutarajia makubwa kutoka kwao.

Kusoma alama Ijumaa, mwalimu, ningekuomba ukuache wiki hii hii. Najua nia ilikuwa njema, lakini umejionea matokeo, nayo yana sababu. Mtoto wa 60 akijua atasomwa mbele ya wenzake ana njia mbili. Asome na pengine abaki wa 58, ionekane kwamba alijitahidi na bado ni wa mwisho. Au asisome, na aibu iwe ya uzembe tu. Uzembe hauumi kama upungufu, hivyo anachagua uzembe. Badala yake, kila mtoto achore grafu ndogo nyuma ya daftari: vikaratasi vya mlangoni, vitano kwa wiki, amepata vingapi. Anajilinganisha na wiki yake iliyopita, nawe unaipitia inapofika zamu yake ya kusahihishiwa. Mtaala wa umilisi (CBC) wenyewe hauhitaji nafasi darasani. Unaripoti kama mwanafunzi amezidi matarajio, ameyafikia, anayakaribia au yuko mbali nayo. Mkuu wa shule akiuliza kwa nini umeacha, una jibu la kitaaluma.

Kiboko sitakizungukia. Kilipigwa marufuku mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inamkataza mwalimu kumwadhibu mwanafunzi kwa kumpiga au kumtesa kiakili. Unaweza kupoteza kazi na kushtakiwa. Lakini hata sheria isingekuwepo, hakifundishi Hesabu. Mtoto mwenye hofu anatumia akili kumchunga mwenye fimbo, na njia ya haraka ya kuwa salama ni kunakili kwa jirani. Ndiyo maana madarasa yanayotawaliwa na fimbo yana madaftari yaliyojaa na vichwa visivyoweza kueleza yaliyomo. Wenzako wana hoja moja ya kweli: watoto 68 wanahitaji utaratibu mkali. Utaratibu huo uujenge kwa mazoea: swali la kwanza liko ubaoni kabla hawajaingia, ishara moja ya kunyamaza isiyobadilika, viranja wa safu wanaogawa na kukusanya karatasi, na matokeo madogo ya hakika kwa anayevuruga, kama kubaki nawe dakika tano wakati wa mapumziko amalize kazi.

Sasa yule mvulana. Mtoto aliyekuwa hodari akaanza kulala ghafla hapimwi kwa kipimo cha hamu. Mambo ninayoyafikiria ni njaa, kazi ya usiku, kama kusaidia kuuza chakula kando ya barabara au kulea wadogo, makazi yenye kelele ambamo kulala kabla ya saa sita za usiku hakuwezekani, ugonjwa, ukiwemo upungufu wa damu, msiba, mateso nyumbani, na dawa za kulevya. Simu ya usiku kucha pia imo, lakini usianze nayo.

Zungumza naye faraghani, mlango ukiwa wazi, na anza na ulichokiona: "Gredi ya 6 ulikuwa ukimaliza wa kwanza. Wiki hizi nakuona umechoka. Jana usiku ulilala saa ngapi?" Maswali ya saa na ya chakula hujibika, "kwa nini unalala?" hujibiwa kwa kimya. Usimwahidi siri, maana ukisikia habari za kupigwa vibaya au kudhulumiwa kimwili huwezi kuitunza. Andika kwa wiki mbili siku na saa anazolala: kama ni kila Jumatatu, au kila asubuhi kabla ya uji, umepata pa kuanzia. Kama shule ina mpango wa chakula, mfano Dishi na County wa Kaunti ya Nairobi ambako mtoto huchangia shilingi 5 kwa mlo, ulizia kama anakula kweli.

Peleka jambo hili kwa mtu ana kwa ana, bila kungoja muhula uishe, ukiona mojawapo ya haya. Akizubaa kwa sekunde kadhaa akiwa macho wazi bila kuitika, kisha akaendelea kama hakuna kilichotokea, mzazi ampeleke hospitali, kwani huenda ni aina ya kifafa. Akikonda, akikohoa kwa zaidi ya wiki mbili au akiishiwa pumzi kwa kupanda ngazi, hospitali pia. Akisema maneno ya kutaka kufa au ukiona alama za kujikata, usimwache peke yake. Mwite mwalimu wa ushauri nasaha na mzazi siku hiyo hiyo. Kukiwa na dalili za dhuluma, nenda kwa mkuu wa shule na ofisi ya watoto ya kaunti ndogo, au piga 116, nambari ya bure ya Childline Kenya inayopokewa saa zote. Kwa wale wa fungu la chini ambao baada ya miezi miwili ya mazoezi ya kiwango chao hawajasogea, au wanaokunja macho kusoma ubao na kugeuza sikio moja, omba rufaa kwa kituo cha tathmini ya elimu, EARC, cha kaunti ndogo yenu. Taasisi ya elimu maalumu, KISE, iliyoko Kasarani nayo hufanya tathmini hizo. Barua ya shule yenye mifano ya kazi ya mtoto hurahisisha mambo kuliko mzazi kwenda mikono mitupu.

Usianze yote kwa pamoja. Wiki ya kwanza acha kusoma alama na anza vidole. Ya pili, ongeza mkebe wa vijiti na sekunde tatu. Kipimo na vipande vya karatasi viingie ya tatu. Tarajia kelele kuongezeka kwanza na baadhi ya wale wanane kununa kwa kuwa hawachaguliwi kila mara. Wape maswali ya kuthibitisha kwa nini 2/5 haiwezekani bila kupima. Dalili za mwanzo hazitakuwa kwenye mtihani. Zitakuwa kwenye vikaratasi vya mlangoni: vitupu vinapungua, na makosa yanaanza kuwa ya aina moja badala ya kila aina.

Msaada mwingine wa ana kwa ana ni kwa ajili yako. Mwombe mwenzako mmoja unayemwamini akae nyuma kipindi kimoja akiwa na mchoro wa madawati. Asitoe maoni, aweke tu alama kila mtoto anapozungumza nawe, na aandike sekunde ulizongoja kwa maswali kumi ya kwanza. Mara nyingi mchoro huo huonyesha kona nzima ya darasa isiyoguswa, kwa kawaida nyuma upande wa dirisha au nyuma ya nguzo. Kipindi kinachofuata, anza mzunguko wako kwenye kona hiyo.